Kuacha Bila Kuachana: Katumba na Mishamo

Anayependa peke yake hupungukiwa na vitenzi. Kupendana ni kwa wawili, na kuachana vilevile. Yeye hubakiwa na kuacha tu, nako kumwacha asiyekuwa wako ni kazi ngumu kuliko talaka. Washairi wetu wamelia sana juu ya jambo hili. Mimi hulisoma katika historia ya makazi mawili ya Mkoa wa Katavi: Katumba, jirani na mji wa Mpanda, na Mishamo, kaskazini-magharibi yake. Aliyependwa huko hakuwa mtu, bali nchi.

Mwaka 1972, baada ya uasi ulioanza mwishoni mwa Aprili, jeshi la Burundi liliua watu ambao wanahistoria wengi huwakadiria kuwa zaidi ya laki moja, wengi wao Wahutu. Waliookoka walivuka mpaka. Katumba ilifunguliwa 1973, Mishamo 1978, katikati ya misitu ya miombo. Walifyeka, wakalima, wakazaa. Hata hivyo mwanaanthropolojia Liisa Malkki, aliyefanya utafiti Mishamo katikati ya miaka ya 1980, alikuta watu wakiisimulia Burundi bila kuchoka, uhamisho wao wakiuona kuwa ni kipindi cha kungoja. Wenzao wa Kigoma mjini walikuwa wamekwisha kujichanganya na wenyeji. Tofauti hiyo hunishangaza kila niifikiripo: jeraha moja, huku likitunzwa, kule likifunikwa.

Mara moja ilielekea kwamba mpendwa angeitika. Juni 1993 Melchior Ndadaye alichaguliwa kuwa rais wa kwanza Mhutu. Oktoba aliuawa, na vita vikafuata.

Mwaka 2007 wakimbizi wa 1972, yapata 218,000 katika makazi hayo mawili na Ulyankulu ya Tabora, waliulizwa: kurudi, au kuomba uraia wa Tanzania? Takriban wanne katika kila watano waliomba uraia. Sharti lilikuwa kuukana uraia wa Burundi. Kukana! Neno hili hulihadaa sikio, kwani huishia kama kupendana, ilhali “an” yake ni ya mzizi, si ya kutendana. Mtu hukana akiwa peke yake, mbele ya karatasi.

Mwaka 2010 maombi ya watu wapatao 162,000 yalikubaliwa, lakini vyeti vilikwama, kwa kuwa walitakiwa kwanza wahamie mikoa mingine. Kwa hiyo walikuwa wamemkana mmoja, na mwingine hajawafungulia mlango. Sioni katika diwani zetu upweke unaoupita huo. Oktoba 2014 Rais Jakaya Kikwete alianza kuwakabidhi vyeti, na sharti la kuhama likaachwa. Uraia huo huitwa wa tajnisi, neno la ukoo mmoja na jinsi na jinsia. Mashamba yalikuwa yale yale waliyoyafyeka wazazi wao.

Waliochagua kurudi walirudi. Upande wa Rumonge, kando ya Ziwa Tanganyika, wengi walikuta ardhi waliyoiota kwa miaka zaidi ya thelathini inalimwa na wengine, ambao nao walikuwa wamezeekea hapo.