Simu ya Nokia na Mji wa Kenol

Msomaji wangu, ukitoka Nairobi kwenda Nyeri kwa barabara kuu, ukaupita mji wa Thika na mashamba ya mananasi yaliyo kando yake, utafika kwenye njia panda yenye shughuli nyingi. Mkono wa kushoto yatoka barabara iendayo Murang'a. Mbele yako ni njia ya Sagana na Karatina. Mji ulio hapo huitwa Kenol. Jina hilo halikutoka katika mto, wala katika kilima, wala kwa mzee wa ukoo. Lilitoka katika kituo cha mafuta. Kampuni ya mafuta iliyoitwa Kenol iliweka kituo chake hapo, wasafiri wakazoea kushukia karibu nacho, maduka yakaongezeka, na jina la kibao likawa jina la mji. Mwaka 2019 kampuni hiyo ilinunuliwa na kampuni ya Kifaransa iitwayo Rubis, na vibao vya vituo vyake vikabadilishwa. Hata hivyo makanga wa matatu hawakubadilisha wito wao. Mpaka leo huita, "Kenol! Kenol!" na kila abiria hujua aendako.

Mbali sana na hapo, katika nchi ya baridi ya Ufini, kuna mji mdogo uitwao Nokia. Huko mambo yalikwenda kinyume na yetu, kwa maana mji ndio ulioipa kampuni jina. Nataka kukusimulia habari ya kampuni hiyo na simu zake, kwa kuwa zilifika Kenol na kukaa mifukoni mwa watu wetu, na kwa kuwa mimi mwenyewe nilizipenda kupita kiasi. Mapenzi hayo yalinifunza jambo moja ambalo ningependa wewe ulijue mapema kuliko nilivyolijua mimi.

Kampuni ya Nokia haikuanza kwa kutengeneza simu. Mwaka 1865 mhandisi mmoja, Fredrik Idestam, alijenga kiwanda cha kusaga miti ili kupata malighafi ya karatasi, kando ya maporomoko ya maji katika mji wa Tampere. Baadaye alijenga kiwanda cha pili karibu na mji wa Nokia, penye mto wenye nguvu zaidi. Mwaka 1967 kampuni hiyo iliunganishwa na kiwanda cha mpira na kiwanda cha nyaya za umeme, ikawa kampuni moja iliyouza karatasi, viatu vya mpira, magurudumu na nyaya. Watu wa Ufini walivaa viatu vya Nokia matopeni na katika theluji miaka mingi kabla ya mtu yeyote kutia simu ya Nokia mfukoni.

Kutoka katika nyaya kampuni iliingia katika mitambo ya simu. Tarehe 1 Julai, 1991, Harri Holkeri, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Ufini hapo awali, alipiga simu ya kwanza kwa mtandao wa namna mpya uitwao GSM, na mitambo yake ilikuwa imejengwa na Nokia. Namna hiyo ndiyo iliyotuletea laini, yaani ile kadi ndogo itiwayo ndani ya simu. Kabla yake, namba ya mtu ilifungwa ndani ya simu yake. Tangu hapo namba ilikaa katika kadi, na kadi yaweza kutolewa katika simu moja na kutiwa katika nyingine. Likumbuke jambo hilo, maana tutalirudia. Kufikia mwaka 1998 hapakuwa na kampuni duniani iliyouza simu za mkononi nyingi kuliko Nokia.

Mwaka 2003 ilitoka simu iliyoitwa Nokia 1100. Haikuwa na kamera, wala kioo cha rangi. Wahandisi wake walikuwa wamefikiria watu waishio penye vumbi, jasho na upungufu wa umeme. Vitufe vyake vilifunikwa kwa kipande kimoja cha mpira ili vumbi lisipenye. Ubavu wake haukuteleza mkononi. Betri yake ilidumu siku nyingi. Na kichwani ilikuwa na tochi. Kwa ajili ya tochi hiyo watu wa Kenya walizibandika simu za namna hiyo jina la mulika mwizi. Simu za Nokia 1100 zilizouzwa duniani zilizidi milioni 250. Mwaka 2005 Nokia ilipotimiza simu yake ya bilioni 1, simu hiyo ilikuwa 1100, nayo iliuzwa Nijeria.

Simu ya kwanza nyumbani kwetu ilikuwa ya aina hiyo. Mama, aliyefanya kazi Nairobi, alimnunulia nyanya yangu. Nyumba yetu haikuwa na umeme, kwa hiyo kila Jumamosi nyanya aliichukua sokoni Kenol, akaiacha kwa kinyozi ili itiwe chaji kwa shilingi 20, akanunua mboga na chumvi, kisha akaipitia. Aliishonea mfuko wa kitambaa akaivaa shingoni. Iliwahi kuanguka katika ndoo ya maji ya ng'ombe. Tuliifungua, tukaianika juani pamoja na mahindi, nayo jioni ikalia kama kawaida. Tangu siku hiyo sikukubali mtu ataje simu nyingine mbele yangu.

Kilichonifunga kabisa ni habari ya pesa. Zamani mama alipotaka kutuletea karo, alizitia noti katika bahasha akampa dereva wa matatu. Mara nyingi bahasha ilifika. Mara moja haikufika, nami nikakaa nyumbani wiki tatu wenzangu wakiwa darasani. Basi tarehe 6 Machi, 2007, kampuni ya Safaricom ilifungua huduma ya M-Pesa. Huduma hiyo ilikuwa imejaribiwa tangu mwaka 2005 kwa watu wachache wa Nairobi na Thika, kilomita kama 20 tu kutoka kwetu. Nia ya kwanza ilikuwa kuwawezesha wakopaji wa Faulu Kenya, shirika la mikopo midogo, kulipa madeni yao kwa simu. Lakini waliojaribu walianza kuitumia kwa haja zao wenyewe, na hasa kwa kutumiana pesa. Wenye huduma waliona hayo, wakaacha mpango wao wa kwanza wakafuata haja ya watu. Kabla ya mwaka 2007 kwisha, waliojiandikisha walikuwa wamezidi milioni 1.

Siku karo yangu ilipofika kwa njia hiyo, nyanya alishika kitambulisho chake, tukaenda kwa wakala pale Kenol. Alihesabu noti mara mbili. Kisha aliitoa simu katika mfuko wake wa kitambaa, akaitazama, akasema, "Asante, Nokia." Nami nilisema moyoni, amina. Hatukujua, msomaji wangu, kwamba tulikuwa tukimshukuru asiyehusika.

Mwaka ule ule wa 2007 kampuni ya Apple ya Marekani ilitoa simu yake ya kwanza, isiyo na vitufe, ya kuguswa kwa kidole juu ya kioo. Wakati huo, katika kila simu 10 zilizouzwa duniani, karibu 4 zilikuwa za Nokia. Wahenga walisema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nokia ilikuwa na programu yake ya kuendeshea simu, iitwayo Symbian, iliyoundwa zamani kwa ajili ya simu za vitufe. Kila ilipotakiwa kufanya jambo jipya ilishonewa kiraka, mpaka viraka vikazidi nguo. Watu wa nje waliotaka kuiandikia programu ndogo ndogo waliona kazi yake ngumu, wakaenda kuandikia Apple, na baadaye Android, ambayo Google iliiruhusu itumiwe na viwanda vya kila namna.

Upande wetu pia Nokia ilichelewa. Kufikia mwaka 2008 Kenya ilikuwa na mitandao minne ya simu, na kumpigia mtu wa mtandao mwingine kuligharimu zaidi. Watu wengi walitembea na laini mbili, wakizitoa na kuzitia mchana kutwa. Tecno, simu zitengenezwazo na kampuni ya Kichina iliyoanzishwa mwaka 2006, ziliuzwa Afrika zikiwa na nafasi ya laini mbili. Nokia ilitangaza simu zake za kwanza za namna hiyo mwaka 2010. Kampuni iliyokuwa imefikiria vumbi letu na giza letu haikuona jambo lililofanywa kila siku sokoni.

Wakati huo nilikuwa katika chuo cha ualimu. Mwenzangu wa bweni alikuwa amenunua simu ya Huawei IDEOS, ambayo Safaricom iliileta mwaka 2011 kwa shilingi kama 8,000, nayo ilitumia Android. Aliweza kusoma magazeti na barua zake ndani yake. Nilimcheka. Nilimwambia betri yake haifiki jioni, na hilo lilikuwa kweli. Nilimwambia pia kwamba kampuni isiyojulikana haiwezi kuishinda Nokia, na hilo lilikuwa kiburi tu. Ili kumwonyesha, nilitafuta simu kubwa ya Nokia. Duka moja lilikuwa nayo kwa nusu ya bei ya maduka mengine. Sikuuliza kwa nini. Niliona jina lililoandikwa juu yake, nikatoa pesa.

Wako vijana wengi wasiojua yaliyotokea tarehe 30 Septemba, 2012. Kila simu halisi ina namba yake ya tarakimu 15 iitwayo IMEI, nayo huonekana ukibonyeza *#06#. Serikali iliamuru simu zote za bandia, zisizo na namba halali, zizimwe katika mitandao yote. Watu walitangaziwa mapema watume namba hiyo kwa ujumbe kwenda 1555 wapate kujua kama simu zao ni halisi. Sikutuma. Simu yangu ilikuwa Nokia. Ya nini kuipima? Simu zaidi ya milioni 1 zilizimwa, na yangu ilikuwa miongoni mwazo. Kioo chake kiliwaka kama kawaida, jina likang'aa, lakini haikuweza kupiga wala kupokea. Wiki hiyo ndiyo niliyotakiwa kulipa karo ya muhula wa mwisho, na pesa zote mama alikuwa amekwisha kunitumia kwa M-Pesa.

Nilikaa kitandani nikiamini kwamba pesa zimekufa pamoja na simu. Mwenzangu alinitazama, hakunicheka. Aliifungua Huawei yake, akatoa laini yake, akanyosha mkono. "Lete yako," akasema. Tulipoitia, orodha ya M-Pesa ikatokea vilevile, na pesa zilikuwamo zote, hakuna shilingi iliyopungua. Maana pesa hazikukaa katika Nokia, wala katika Huawei. Hesabu yake iliwekwa katika mitambo ya huduma. Laini ilinitambulisha kuwa ni mimi. Na namba ya siri ilikuwa kichwani mwangu. M-Pesa iliandikwa ndani ya laini makusudi, ili simu ya bei ya chini kabisa iweze kuitumia sawa na ya bei ya juu. Ndipo nilipomkumbuka nyanya na asante yake.

Mwaka 2011 Nokia iliamua kuacha Symbian na kutegemea programu ya simu ya Microsoft. Haikufaa. Aprili 2014 biashara yake ya simu ikawa mali ya Microsoft kwa mauzo, na tangu mwisho wa mwaka 2016 kampuni nyingine, HMD, ikapewa ruhusa ya kutengeneza simu zenye jina hilo. Nokia yenyewe haikufa. Ilirudi katika kazi ya kutengeneza mitambo ya mitandao, kama vile zamani ilivyotoka katika karatasi ikaingia katika mpira na nyaya.

Sikusimulii haya ili uidharau Nokia. Mpaka leo naamini kwamba 1100 ilikuwa simu iliyotengenezwa kwa heshima, kwa ajili ya watu ambao wengi hawakuwafikiria, nayo yastahili sifa yake. Kosa langu halikuwa kuipenda. Kosa langu lilikuwa kulipa jina sifa iliyokuwa ya kazi, na kisha kulifuata jina mahali ambapo kazi haikuwapo tena, au haikuwapo kamwe. Leo nawasikia wanafunzi wangu wakigombana, huyu akitetea iPhone, yule Samsung, mwingine Tecno, kama watu wateteao ukoo. Nami huwauliza maswali matatu: Chombo hiki kinakufanyia nini? Ni sehemu gani ya kazi hiyo iliyofanywa na mtengenezaji wake, na ipi iliyofanywa na wengine? Na kesho kikiharibika, ni nini kitakachobaki mkononi mwako?

Ukipita Kenol, shuka kidogo. Utalisikia jina la kampuni likiitwa na makanga, na hutakiona kibao chake. Watu wananunua, wanauza na kutumiana pesa, kila mmoja kwa simu yake. Nyumbani kwetu ile 1100 ingali ndani ya mfuko wake wa kitambaa. Nyanya sasa anatumia Tecno, lakini umeme ukikatika usiku humwambia mjukuu amletee Nokia, ili apate tochi.