Ukaguzi wa kanzidata ukichelewa au ukigoma: usikimbilie kukarabati

Umeme ukikatika ghafla mjini Tanga, mwenye bucha huwahi friji. Mwenye duka la dawa, zahanati au Saccos ana lingine la kuwaza: kompyuta imezimika ikiwa katikati ya kuandika. Umeme ukirudi mashine inawaka, programu inafunguka, wateja wanahudumiwa kama kawaida. Tatizo linaweza kujitokeza wiki tatu baadaye, pale ripoti ya mwezi inapogoma katikati.

Ndiyo maana kanzidata, yaani ghala la taarifa lililo nyuma ya programu, huwa na ukaguzi wake wa uzima. Lakini siku ukaguzi huo ukianza kuchukua saa 3 badala ya dakika 10, au ukikatika kabla ya kumaliza, wengi huuzima ili kazi ziendelee. Hilo ni kosa. Ukaguzi uliobadilika tabia unakuambia jambo, na mara nyingi ndiyo onyo la kwanza utakalolipata.

Ukaguzi unafanya nini

Taarifa hukaa kwenye diski kwa vipande vidogo vinavyoitwa kurasa. Kwenye PostgreSQL na SQL Server kila ukurasa kwa kawaida ni KB 8, kwenye MySQL ni KB 16. Ukaguzi kamili husoma kurasa zote, hupima kama zimeharibika, kisha huhakikisha faharasa inaelekeza kwenye mistari sahihi.

Kwa kuwa lazima usome kila kitu, una muda wake wa chini. Diski ya zamani ya kuzunguka inayosoma MB 100 kwa sekunde itahitaji zaidi ya dakika 8 kusoma GB 50 tu, hata ikisoma kwa mfululizo bila kurukaruka. Piga hesabu hiyo kwanza. Huenda hakuna tatizo, ila kanzidata imekua.

Ukichelewa, angalia haya

1. Kuna kazi nyingine kwenye diski? Kunakili nakala ya akiba, kufunga hesabu za siku na antivairasi vikienda pamoja na ukaguzi, vyote vinagombania diski moja. Sogeza ukaguzi saa ambayo hakuna kazi.

2. Nafasi ipo? SQL Server hutengeneza picha ya muda ya kanzidata na kutumia eneo la kazi liitwalo tempdb wakati wa ukaguzi. Diski ikijaa, ukaguzi unakatika hata kama taarifa zote ni nzima. Kukatika si lazima kumaanishe kuharibika. Soma ujumbe wenyewe.

3. Diski inakufa? Diski mbovu hurudia kusoma sehemu moja mara nyingi kabla ya kufanikiwa. Dalili yake ni ukaguzi unaokwenda vizuri kisha unakwama palepale kila siku. SQL Server hutoa ujumbe namba 825 pale inaposoma ukurasa baada ya kujaribu tena. Wengi huupuuza kwa sababu kazi imekwisha salama. Namba 823 na 824 ni mbaya zaidi: ya kwanza ina maana mfumo umeshindwa kusoma au kuandika, ya pili ina maana ukurasa umesomwa lakini yaliyomo hayaeleweki.

4. Umeshagundua kasoro? Ukaguzi wa SQL Server ukiona dalili ya uharibifu huchimba zaidi ili kujua ni wapi hasa, na hapo ndipo muda unaporefuka. Ukiukatisha kwa kuwa umechelewa, unaweza kuwa umeukatisha pale ulipotaka kukuambia.

Pwani ina mambo yake

Hewa ya Tanga, Pangani na Mkinga ina unyevu na chumvi. Vichwa vya kebo na meno ya memori hupata kutu taratibu, na joto huchosha betri za UPS. UPS inayoonyesha taa ya kijani inaweza kuzima ndani ya sekunde chache ikibebeshwa mzigo. Ijaribu kwa kuichomoa ukutani, siku ambayo seva haijaunganishwa nayo. Tumia mzigo mwingine unaokaribia ule wa seva.

Kuna kipimo rahisi cha kutofautisha ubovu wa mashine na ubovu wa taarifa. Endesha ukaguzi mara mbili. Makosa yakitokea kwenye kurasa zilezile, huenda taarifa zilizo kwenye diski zimeharibika kweli. Yakihamahama, shuku memori, kebo au kidhibiti cha diski. Badilisha hivyo kwanza. Kukarabati kanzidata juu ya mashine mbovu ni kuchota maji kwa pakacha.

Ukaguzi ukileta makosa, fuata mpangilio huu

Kwanza, simamisha uandikaji. Kila mauzo mapya yanayoingia yanaweza kuongeza uharibifu.

Pili, nakili mafaili yote ya kanzidata kama yalivyo, programu ikiwa imezimwa, kwenye diski nyingine nzima. Majaribio yote yafanyike kwenye nakala hiyo.

Tatu, angalia kilichoharibika. Ikiwa ni faharasa peke yake, una bahati: hujengwa upya kutoka kwenye taarifa zenyewe. PostgreSQL hutumia amri ya REINDEX. Hali hii huweza kutokea hata bila umeme kukatika. Mwaka 2018 toleo la 2.28 la maktaba ya glibc ya Linux lilibadilisha mpangilio wa maneno, na faharasa zilizojengwa chini ya mpangilio wa zamani zikaanza kukosa mistari iliyopo.

Nne, kama ni taarifa zenyewe, rudisha nakala ya akiba ya mwisho iliyo nzima. Irudishe kwenye mashine nyingine na uikague kabla ya kuitegemea, maana uharibifu wa wiki tatu huwa umeshaingia kwenye nakala za wiki tatu.

Tano, na mwisho kabisa, ndiyo amri za kukarabati. Ile ya SQL Server inaitwa REPAIR_ALLOW_DATA_LOSS, na jina lake linasema wazi kwamba inaruhusu taarifa kupotea. Inaweza kufuta ukurasa mzima ili vilivyobaki vipatane. MySQL ina innodb_force_recovery yenye ngazi 1 hadi 6. Kuanzia 4 kwenda juu inaweza kuharibu kabisa, hivyo itumike tu kwa kutoa taarifa nje.

Karatasi bado ni akiba

Nakala ya akiba ikiwa ya Jumamosi na ajali ikatokea Jumatano, siku za katikati zitatoka wapi? Kwenye zahanati, rejista za MTUHA zinaweza kusaidia kuingiza upya mahudhurio. Dukani ni stakabadhi na vitabu vya mauzo. Usivitupe kwa sababu kompyuta ipo.

Kisheria pia kuna uzito. Kumbukumbu za kodi zinatakiwa kutunzwa miaka 5. Na ukimpa fundi nakala ya kanzidata yenye majina na magonjwa ya watu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inakuhusu. Andikianeni, na nakala ifutwe kazi ikiisha.

Ukaguzi wa kila siku usioumiza

Kanzidata kubwa haihitaji ukaguzi kamili kila usiku. SQL Server ina chaguo la PHYSICAL_ONLY, SQLite ina quick_check. Zote ni nyepesi kuliko ukaguzi kamili. SQLite ikimaliza bila kasoro hujibu neno moja tu: ok. PostgreSQL ina pg_amcheck tangu toleo la 14. Tumia ukaguzi mwepesi kila siku na kamili mwisho wa wiki. Njia nyingine ni kufanya ule kamili kwenye nakala ya akiba iliyorudishwa kwenye mashine ya pembeni. Hapo unakuwa umepima na nakala yenyewe.

Kumbuka pia kwamba kanzidata inaweza kuwa nzima huku taarifa zake hazina maana, kwa mfano mwanamume aliyeandikwa kliniki ya wajawazito. Hilo hukamatwa na ukaguzi wa aina nyingine. DHIS2, mfumo unaotumika kukusanya takwimu za afya nchini, una orodha yake ya vipimo vya namna hiyo.

Weka daftari karibu na seva. Kila ukaguzi uandike tarehe, ukubwa wa kanzidata, dakika ulizochukua na jibu lake. Siku dakika 10 zikigeuka 25 bila ukubwa kubadilika, utajua mapema, diski ikiwa bado inasomeka.