Utomvu Uliong'arisha Magari ya Watu

Dereva wa Mazingara anaupenda mwembe na kuuogopa. Jua la Handeni likiwaka, gari linaegeshwa kivulini. Jioni boneti imejaa madoa ya utomvu, makavu kama gundi. Jamaa anachukua kisu, anakwangua. Doa linatoka, ndiyo, lakini na rangi nayo inatoka! Mwingine anamwagia petroli, rangi inafifia.

Dawa yake haihitaji mganga. Utomvu mbichi hutoka kwa maji ya moto na sabuni. Uliokauka, lowesha kitambaa laini kwa spiriti, ukilaze juu ya doa dakika moja au mbili, ufute polepole, kisha uoshe na kupaka nta. Jaribu kwanza mahali pasipoonekana, maana rangi iliyopigwa gereji ya mtaani mara nyingi haivumilii spiriti kama ile ya kiwandani.

Lakini kwa nini spiriti ishinde pale maji yaliposhindwa? Kwa sababu ndani ya utomvu mna ulimbo, na ulimbo hausikii maji. Wazee wa pwani yetu waliijua tabia hiyo kabla gari halijazaliwa, na dunia ilitajirika kwayo.

Uko mti unaoitwa msandarusi, unaoota katika misitu ya pwani kuanzia Kenya hadi Msumbiji. Ulimbo wake ni sandarusi. Ule uliotoka mtini karibuni uliitwa chakazi, na bei yake ilikuwa ndogo. Sandarusi hasa ilichimbwa ardhini, mahali ambapo miti ilikwisha kufa zamani na ulimbo wake ukazikwa mamia ya miaka, pengine zaidi, hadi ukawa mgumu kama jiwe. Chakazi huyeyuka kirahisi kwenye spiriti. Sandarusi iliyokomaa hukataa. Wazungu walilisikia neno chakazi vibaya wakalifanya "jackass", yaani punda! Mwingereza Burton, aliyefika pwani hii mwaka 1857, aliyaandika hayo.

Wachimbaji walikuwa watu wa bara ya pwani, Wazaramo wakiwa miongoni mwao. Walichimba kwa majembe, wakauza kwa wafanyabiashara, na mzigo ukavuka kwenda Unguja. Marekani ilitia mkataba wa biashara na Sultani Said mwaka 1833, na meli za Salem, Massachusetts, zikaleta nguo ya merikani na kuondoka na pembe na sandarusi. Huko Salem, Jonathan Whipple alikuwa na kiwanda cha kuisafisha. Sokoni ikaitwa sandarusi ya Zanzibar, ingawa sehemu kubwa ilitoka bara. Mchimbaji hakubakiwa hata na jina.

Ilifanya kazi gani? Iliyeyushwa kwa moto mkali, ikachanganywa na mafuta ya kitani na tapentaini, ikawa vanishi. Hiyo ndiyo iliyong'arisha magari ya farasi ya matajiri wa Ulaya na Marekani, na vanishi za ulimbo wa namna hiyo zikarithiwa na motokaa za kwanza. Zilipakwa tabaka juu ya tabaka, na gari liliweza kukaa wiki kadhaa likisubiri kukauka. Mwaka 1923 General Motors ilianza kupaka magari ya Oakland rangi ya Duco ya kampuni ya DuPont, inayokauka kwa saa chache. Biashara ya sandarusi, iliyokuwa tayari inabanwa na ulimbo wa Kongo na wa New Zealand, ikakosa nguvu.

Basi angalia kinyume hiki, bwana. Utomvu tunaoufuta leo kwa hasira ni ndugu wa ule uliokuwa rangi yenyewe. Tulichimba, tukauza mali ghafi, wenzetu wakasafisha, wakapika, wakapaka. Leo tunanunua gari lililokwisha kung'arishwa, mara nyingi limetumika kwanza Ujapani. Korosho nyingi nazo bado zinapakiwa na maganda yake, zikabanguliwe ng'ambo.

Kijana anayeshika kitambaa cha spiriti chini ya mwembe wa Mazingara afute taratibu, asiharibu rangi. Ila ajue kwamba ufundi wa kung'arisha ulikosekana hapa kwa sababu faida yake ilipelekwa kwingine, na wala si kwa sababu mikono yetu ni mizito. Chakazi ilikuwa neno letu; aliyeligeuza kuwa punda ni mnunuzi.