Nipe Mji: Historia ya Bei ya Kushindwa Fumbo

Wajerumani walipofika Liuli, kwenye ufuko wa mashariki wa Ziwa Nyasa, waliona jiwe lililofanana na Sphinx, yule simba wa mawe wa Misri mwenye kichwa cha mtu. Wakaiita bandari hiyo Sphinxhafen. Jina hilo limebaki katika vitabu vya vita kwa sababu Agosti 1914 meli ya Waingereza iitwayo Gwendolen, chini ya nahodha Rhoades, ilikuja hapo ikaifyatulia mizinga meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Nahodha wa Kijerumani, Berndt, alikuwa rafiki wa Rhoades, wamekunywa pamoja mara nyingi, na habari kwamba Ulaya imeingia vitani ilikuwa haijamfikia. Inasimuliwa kwamba aliingia kwenye mashua, akamfuata mwenzake kwa makasia na kumuuliza kama amelewa. Akachukuliwa mateka.

Sina hakika kama walioipa bandari jina hilo waliwaza kuwa Wagiriki nao walikuwa na Sphinx wao, na kwamba kazi yake ilikuwa kutega vitendawili. Alikaa njiani nje ya mji wa Thebes na kumuuliza kila mpita njia ni kiumbe gani hutembea kwa miguu minne asubuhi, miwili mchana na mitatu jioni. Aliyeshindwa aliliwa. Msafiri aitwaye Oedipus alipojibu kuwa ni binadamu, mchezo ukaishia hapo. Bei ya kushindwa ilikuwa kubwa mno, na mchezo wa bei hiyo haupati mashabiki. Unapata maiti.

Huku kwetu bei ilipangwa kwa busara zaidi. Mtegaji anasema "Kitendawili!", wenzake wanaitikia "Tega!", anatega. Wanabahatisha, wanakosea, wanabishana. Wakishindwa kabisa anadai: "Nipeni mji." Watoto wa Mbinga niliokua nao walikuwa mabahili, walianza kwa kutoa Lituhi, mtegaji akakataa. Wakapanda hadi Songea. Kitendawili kikiwa kigumu kweli, Dar es Salaam nzima iliondoka jioni moja. Akishapewa, mtegaji anajigamba kidogo juu ya safari yake ya kwenda mjini kwake na mapokezi aliyoyapata, ndipo anatoa jibu. Hakuna aliyepoteza hata senti, lakini kila mtu aliona uchungu wa kuutoa mji. Uchungu huo mdogo ndio uliomfanya mtoto arudi kesho yake na vitendawili vyake mwenyewe, ili naye apewe.

Nadai kwamba historia nzima ya mafumbo yenye hadithi, kuanzia barazani hadi kwenye gemu za simu, ni historia ya kupanga bei hiyo vizuri. Ikiwa ndogo mno mtu anapiga miayo. Ikiwa kubwa mno anakimbia.

Kati ya kitendawili na kitabu kuna hatua moja ambayo wakazi wa kando ya ziwa wanaielewa haraka, kwa kuwa inahusu mtumbwi. Ni fumbo la chui, mbuzi na majani. Katika masimulizi ya Waswahili, mgeni aliyekataa kumlipa sultani ushuru anapewa mtihani wa kuvusha vitu hivyo vitatu, na mtumbwi hauwezi kuvibeba vyote kwa mara moja. Akimwacha chui na mbuzi, mbuzi ameliwa; akimwacha mbuzi na majani, majani yamekwisha. Akifaulu atakuwa raia wa pale, akishindwa atauawa. Ulaya nao wana la kwao, lenye mbwa mwitu, mbuzi na kabichi, katika mkusanyiko wa mafumbo unaohusishwa na mtawa Alcuin wa karne ya 8. Kitendawili cha kawaida kina swali tu. Hili lina mtu mwenye shida, na msikilizaji anafumbua huku akimhurumia. Ukishamhurumia mtu, unataka kujua kesho atapata shida gani. Mfululizo unaanzia hapo.

Kwa Kiswahili, mfululizo wa kwanza wa namna hii uliowakamata wasomaji ulitoka Unguja. Muhammed Said Abdulla alizaliwa Makunduchi mwaka 1918. Alimaliza shule mwaka 1938, akafanya kazi katika idara ya afya, na mwaka 1948 akawa mhariri wa gazeti la Zanzibari. Baadaye aliingia katika uhariri wa Mkulima, jarida la kilimo, hadi alipostaafu mwaka 1968. Hadithi yake Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda shindano la uandishi la 1957-58 lililoendeshwa na East African Literature Bureau, na mwaka 1960 ikatoka kama kitabu. Ndani yake wasomaji walikutana na Bwana Msa, mpelelezi asiye na sare, mwenye kiko mdomoni na rafiki yake Najum pembeni.

Yeyote aliyemsoma Sherlock Holmes wa Arthur Conan Doyle anaona mara moja kiko hicho kilikotoka. Ila Abdulla hakunakili mtu na kumvalisha kanzu. Alichukua jambo ambalo kila kijiji cha Afrika Mashariki kinalo, kifo kinachosingiziwa mizimu, akamweka mbele yake mtu anayeuliza maswali ya kawaida kabisa: nani alikuwepo, saa ngapi, nani anafaidika. Hawadharau wanaoamini mizimu, anawasikiliza mpaka mwisho. Kisha anavuta kiko. Sisi wa bara, ambao bahari tuliijua kwa picha tu na mzimu tukaujua vizuri, hatukuhitaji kuelezwa chochote. Jina la mpelelezi lenyewe lilikuwa fumbo lililowekwa juu ya jalada, kwani M, S na A ni herufi za kwanza za majina ya mwandishi. Nilikuwa mtu mzima nilipoling'amua hilo, na nikahisi kama niliyetoa mji.

Vitabu vilifuatana: Kisima cha Giningi mwaka 1968, Duniani Kuna Watu 1973, Siri ya Sifuri 1974, Mke Mmoja Waume Watatu 1975, Mwana wa Yungi Hulewa 1976, na Kosa la Bwana Msa 1984. Tazama jinsi miaka ya katikati ilivyosongamana. Mwaka 1967 karibu theluthi mbili ya watu wazima wa Tanzania Bara hawakujua kusoma. Kufikia 1977, baada ya kampeni kubwa ya elimu ya watu wazima, wasiojua walikadiriwa kuwa 27 kwa mia. Taifa lilikuwa limejaa wasomaji wapya waliofundishwa kwa vitabu vya mbolea na ufugaji bora, ambavyo ni muhimu lakini havimfanyi mtu akeshe kando ya koroboi. Mwandishi aliyekuwa amehariri habari za kilimo kwa miaka kumi ndiye aliyewapa cha kukeshea.

Halafu ugavi ukakatika. Duniani Kuna Watu na Siri ya Sifuri vilichapishwa Nairobi. Februari 1977 mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka huohuo, na vitabu vikawa adimu kama sabuni. Nakala iliyokuwa wilayani Mbinga ikazunguka. Ilipanda milimani kwa Wamatengo, kwenye kahawa na mashimo ya kilimo yaitwayo ngoro, ikateremka ziwani kwa Wanyasa, na kila mkono ulipoipokea kurasa zilipungua. Zinazotangulia kung'oka ni za mwisho. Msomaji wa Bwana Msa asiye na kurasa za mwisho ni mtu wa kuonewa huruma: hana hata wa kumpa mji. Ndiyo maana walizuka wasimulizi, watu waliowahi kuisoma nakala nzima wakati bado ina mwisho, na hao waliheshimiwa kupita kiasi. Mmoja aliweza kuahirisha jibu mpaka apate soda.

Wengine waliofuata nitawapita haraka. Faraji Katalambulla alikuwa ameshatoa Simu ya Kifo mwaka 1965, akiwa na Inspekta Wingo wake. Elvis Musiba alimleta Willy Gamba katika Kufa na Kupona mwaka 1974, na Ben Mtobwa akamleta Joram Kiango. Niliwapenda, na vijana wengi waliwapenda kuliko Bwana Msa. Lakini Gamba anakimbizana, Kiango anapigana, na msomaji anabaki mtazamaji. Hakuna anayekudai kitu. Ukifunga kitabu katikati ya sura, hujashindwa fumbo lolote, umechoka tu.

Bei ilirudi kutoka mbali. Mwaka 1966 mwanasaikolojia wa Kijapani, Akira Tago, alianza kutoa mfululizo wa vitabu vya chemsha bongo, Atama no Taisō, vilivyouzwa kwa mamilioni. Akihiro Hino, mwenye kampuni ya Level-5 ya mjini Fukuoka, alikuwa shabiki wa vitabu hivyo. Alimwendea Tago, na Februari 2007 ikatoka gemu ya Professor Layton and the Curious Village kwa kifaa cha Nintendo DS. Profesa mwenye kofia ndefu na kijana wake Luke wanaingia katika kijiji ambacho kila mtu, kabla ya kusema lolote la maana, anakutegea fumbo. Mojawapo ni la kuvusha mbwa mwitu na vifaranga kwa chelezo. Alcuin angelitambua, na mvuvi wa Mbamba Bay pia.

Ufundi wake ni wa barazani kabisa. Kila fumbo lina alama zake, na kila ukikosea zinapungua kidogo. Ukikwama unanunua dokezo kwa sarafu ambazo umeziokota mwenyewe kwa kupekua mitaa ya kijiji. Sarafu ni chache, kwa hiyo unakuwa bahili, unakaa na fumbo usiku kucha kabla ya kukubali kutoa moja. Na nyuma ya mafumbo yote madogo kuna moja kubwa, la kijiji chenyewe, ambalo sitalisema hapa.

Gemu hiyo ingebaki habari ya wenye vifaa vya Nintendo kama isingeingia kwenye simu mwaka 2018. Mwaka huohuo Songea iliunganishwa kwenye gridi ya taifa kwa njia ya umeme kutoka Makambako. Vibanda vya gemu mjini bado ni vya mpira wa PlayStation, na sidhani kama hilo litabadilika. Fumbo halichezwi mbele ya kundi linalopiga kelele. Layton anachezwa kimya, simu ikiwa kwenye chaja, na kikwazo chake kikubwa ni lugha. Mafumbo yake mengi yamefichwa ndani ya maneno ya Kiingereza, na anayekosea mara nyingi ameshindwa sarufi, akili yake haina kosa. Kumtoza alama huyo ni dhuluma ndogo.

Tago alifariki mwaka 2016. Mfululizo uliendelea kwa mafumbo ya watu wengine, kwa kuwa kampuni ipo, na mwaka 2023 Level-5 ilitangaza sehemu nyingine mpya. Abdulla alifariki mwaka 1991, na nyuma yake hapakuwa na kampuni wala msaidizi wa kushika kalamu. Kuna vitabu saba, na ukibahatika kuvipata kwa wauza vitabu vya mitumba, kagua kwanza kurasa za mwisho. Anza na Mzimu wa Watu wa Kale, na Kosa la Bwana Msa kiwe cha mwisho. Ukigeuza mpangilio hutaelewa kwa nini kosa la mtu huyu lilistahili kitabu kizima.