Reli ya Kindu na Bati la Kalima

Wengi wetu hapa Kindu tumezaliwa tukaikuta reli, na kitu mtu alichokikuta hakimjii rahisi moyoni kukiuliza kimetoka wapi. Basi na tukiulize leo. Siku hizi makampuni makubwa ya ng'ambo yatajwa kila kibarazani, ya simu na ya madini, na watu hubishana kama yanaleta neema au hasara. Mabishano hayo si mageni kwetu. Mji wetu wenyewe ulipata kuitwa Kindu-Port-Empain, kwa jina la tajiri mmoja wa Ubelgiji.

Tajiri huyo ni Édouard Empain. Ndiye aliyeijenga reli ya chini ya ardhi ya Paris, iliyofunguliwa mwaka 1900. Mfalme Leopold II alitaka njia ya kwenda Maziwa Makuu, na mwaka 1902 ikaundwa kampuni ya reli iliyojulikana kwa herufi tatu, CFL. Shida yenyewe ilikuwa mto. Kati ya Ubundu na Kindu stima hupita vizuri. Lakini chini ya Ubundu kuna maporomoko, na juu ya Kindu vilevile. Kwa hiyo wahandisi walijenga vipande vipande, kila kipande kikiepuka mahali pabaya pa mto. Cha kwanza kilitoka Kisangani hadi Ubundu, kilomita 125, mwaka 1906. Cha pili ndicho chetu, Kindu hadi Kongolo, kilomita 355, kilichokwisha mwaka 1910. Cha tatu kilitoka Kabalo hadi Kalemie, ufukoni mwa ziwa Tanganyika, mwaka 1915. Mzigo ulishushwa garini, ukapakiwa stimani, ukashushwa tena. Nani aliyeubeba, hatuna haja ya kueleza.

Tuutazame mkataba, maana watu husifu magari wakausahau. Mtaji ulikuwa faranga milioni 25, na serikali ya mfalme ikaudhamini kwa riba ya asilimia 4, yaani faranga milioni 1 kila mwaka, reli ipate au isipate. Juu ya hayo yaliongezwa hektari milioni 4 za ardhi, na haki za madini. Mama anayeuza mchele sokoni kwetu, mvua ikimharibia gunia, hasara ni yake. Kampuni hii hasara yake ilikwisha kuwekwa mapema juu ya mabega ya watu wengine, na wenye ardhi hawakuulizwa neno.

Hata hivyo tusiikosee haki reli. Tangu siku za misafara ya Tippu Tip, watu wa Maniema walikuwa wakibeba pembe na mizigo kichwani kwa safari za miezi. Gari la moshi liliwapunguzia mzigo huo. Likawafundisha vijana ufundi wa chuma, na likaufanya mji mahali palipokuwa kituo kidogo cha mto.

Kisha likaja bati. Mwaka 1932 iliundwa kampuni ya Symétain, na Kalima, mashariki ya mto, ikawa mji wa machimbo, wenye hospitali na shule za kampuni. Bati lilivushwa Lualaba, likapakiwa relini hapa Kindu, likaenda zake. Mwaka 1942 Wajapani walipoiteka Malaya, mataifa yaliyopigana nao yalikosa bati la huko, wakaligeukia la kwetu. Mwaka huohuo serikali ya Wabelgiji ikazidisha siku za kazi ya lazima vijijini, kutoka 60 mpaka 120 kwa mwaka. Mzee wa Maniema alilipa vita vya Malaya kwa jembe lake.

Reli ilichukuliwa na taifa mwaka 1974, na mwaka 1976 makampuni ya machimbo yaliunganishwa, ikawa Sominki. Watu wakatumaini. Lakini bei ya bati haikuwekwa Kalima wala Kinshasa. Oktoba 1985 soko la bati la London lilianguka, na mchimbaji asiyeijua hata njia ya kwenda London akapoteza posho yake. Sominki ilikwisha mwaka 1997, na watu wakabaki na sepeto zao.

Leo bati hilohilo ndilo linalounganisha nyuzi ndani ya simu na kompyuta. Mwaka 2010 Marekani ilitoa sheria ya kuyataka makampuni yake yaeleze kama madini yao yametoka kwenye vita vya Kongo. Nia yake ilikuwa njema. Septemba mwaka huo serikali yetu ikayafunga machimbo ya Kivu zote mbili na Maniema, hata Machi 2011. Na yalipofunguliwa, wanunuzi wengi wa ng'ambo walikuwa wamekwisha kuondoka. Sisi twasema kwamba aliyeandika sheria ile alimfikiria mwenye bunduki, wala hakumfikiria baba wa Kalima anayelipa karo kwa kilo mbili tatu za kasiterite.

Huko Namoya, kusini, kampuni ya Banro kutoka Kanada ilianza kutoa dhahabu kwa biashara mwaka 2016. Sheria mpya ya madini ya mwaka 2018 ikasema kwamba katika ushuru wa madini asilimia 25 ni ya jimbo na 15 ni ya wenyeji wa mahali penye machimbo. Mkataba wa 1902 haukuwa na fungu kama hilo. Mwaka 2019, kwa sababu ya watu wenye silaha, Namoya ikasimamisha kazi.