Rejeta ndogo, au kipoza mafuta?

Kile kifaa kinachoongezwa mbele ya gari la otomatiki ili kupoza oili ya giaboksi, si ajabu kumsikia fundi akikiita rejeta ndogo. Anayependelea Kiswahili cha vitabuni atataka kipoza mafuta. Mimi niko upande wa fundi. Kwa dereva, mafuta ni petroli au dizeli. Mwambie kipoza mafuta kimeziba, atawaza tangi. Kuna hoja kwamba rejeta ni ya maji. Lakini katika magari mengi ya otomatiki oili ya gia tayari hupitishwa ndani ya rejeta ya injini, ikipozwa na maji ambayo yenyewe yana nyuzijoto 90 hivi. Ndiyo maana gari lililosheheni likipanda mlima wa Kitonga polepole, tokonveta (inayopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi) ikiteleza na kuzalisha joto, msaada huo huenda usitoshe: oili ikizidiwa hugeuka nyeusi na kunuka kuungua. Rejeta ndogo haina tone la maji. Upepo ukipita kwenye mapezi yake membamba huondoka na joto, na hiyo ndiyo kazi ya rejeta yoyote. Jina kipoza oili ningelipokea, japo limechelewa kufika gereji.