Habari za Ndovu na Sheria ya Pembe

Wasikilizaji wetu, leo twapenda kuwasimulia habari za pembe za ndovu na sheria zilizowekwa juu yake.

Wazee wetu walizijua pembe kwa majina yake. Ya wastani waliiita buri, na ndogo kalasha. Zilipimwa kwa frasila, yaani ratili 35, zikachukuliwa na wapagazi toka Unyanyembe mpaka Bagamoyo, zikavushwa kwa majahazi hata Unguja. Ng'ambo zikageuzwa vibao vya piano, mipira ya biliadi na vipini vya visu. Nayo desturi ya nchi nyingi ilikuwa hivi: ndovu akianguka, jino lililogusa ardhi ni la mtemi, na la juu ni la mwindaji. Kwa hiyo hata kabla ya Wazungu ndovu hakuwa mali isiyo na mwenyewe.

Mwaka 1896 gavana wa Kidachi, Hermann von Wissmann, alitoa amri kwamba wanyama wakubwa wasiwindwe pasipo cheti, tena akatenga mahali, pamoja na upande wa Rufiji, pasipowindwa kabisa. Tangu hapo fundi wa gobori aliyesifiwa na kijiji kizima akahesabiwa mwizi, na mgeni mwenye fedha ya cheti akaitwa bwana mwindaji. Twalitaja jambo hili wazi, maana uchungu ulioanza siku zile haukwisha upesi.

Waingereza wakaipanua hifadhi ile, wakaiita Selous. Katika miaka ya 1940 watu wengi wa pande za Liwale walihamishwa kwa sababu ya malale, na mashamba waliyoyaacha yakawa pori la ndovu. Serikali iliyowalinda ndovu ndiyo iliyotuma askari wake kuwapiga risasi waliovamia mihogo ya watu. Haikuwa kazi rahisi kumfahamisha mwanakijiji maana yake.

Mwaka 1976 ndovu wa Selous na Mikumi walikadiriwa kuwa 109,000. Ndipo bei ya pembe ilipopanda, na majangili wakaja na bunduki za kivita. Mwaka 1989 Tanzania ilianza Operesheni Uhai, na Kenya ikachoma hadharani tani 12 za pembe. Oktoba mwaka ule ule mataifa yalikutana Lausanne, Uswisi, yakakataza biashara yake baina ya nchi na nchi. Ndovu wakaanza kuongezeka. Lakini wanunuzi wa Asia walipozidi, ujangili ukarudi, hata hesabu ya mwaka 2013 ikaonyesha ndovu 13,000 tu. Uchina ilifunga soko lake mwishoni mwa mwaka 2017.

Na mkulima je? Kanuni za Tanzania za mwaka 2011 zilimpa malipo aliyeharibiwa mazao na wanyama wakali. Hayakuitwa fidia. Yaliitwa kifuta jasho. Na yule aliyefiwa alipewa kifuta machozi. Wenye mashamba wamelalamika mara nyingi kwamba ni machache, tena hukawia kufika, hali ndovu hamngojei mtu avune.